Chupa za Chai za Mama

Mama alikuwa akipima chupa ya chai kwa usiku mzima. Jioni alichemsha maji, akaijaza hadi shingoni, akakaza kizibo na kuiacha mezani. Alfajiri, akishaswali, aliifungua na kuweka kiganja juu ya mdomo wake. Mvuke ukipanda alisema, "Nzima hii," akaikausha, akakata kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika jina la mtu wa Tanga na kukibandika kwenye kitako. Mvuke usipopanda, chupa ilikwenda jalalani siku hiyohiyo, hata iwe ya maua mazuri namna gani. "Siwezi kumpelekea mtu maiti ya chupa," alisema.

Alipofariki, mwezi wa Februari, gerejini kwetu mlikuwa na chupa 11.

Nikisema gereji sina maana ya kwa fundi. Huku Minneapolis nyumba nyingi zina banda la gari uani, mlango wake ukifungukia kwenye uchochoro unaopita nyuma ya nyumba za mtaa. Kuanzia Mei, theluji ikishayeyuka, watu hufungua mabanda hayo Ijumaa na Jumamosi, hupanga mezani vitu wasivyovihitaji tena, na kuviuza kwa dola, nusu dola, senti 25. Mama alikuja kunisaidia kulea nilipojifungua kitindamimba, na kiangazi chake cha kwanza tu alishaujua uchochoro kuliko mimi. Mauzo hayo akayaita magulio, kama yale ya Lushoto aliyokuwa akiyafuata ujanani, na nyumbani kwetu jina likabaki hilo. "Leo gulio," alisema, akafunga noti za dola mojamoja kwenye pindo la kanga, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka. Kiingereza hakujua zaidi ya salamu. Bei alipatana kwa vidole.

Alinunua vya watu. Sufuria za binti wa shangazi, mashuka ya mwalimu wa chuoni, viatu vya shule vya watoto wa jirani yetu wa zamani wa Ngamiani, Tanga, miwani ya kusomea ya mjomba, ambayo aliijaribu kwa macho yake mwenyewe kwa hoja kwamba wao wawili walizeeka pamoja. Kila kitu kilipata selotepu na jina, kikaingia kwenye mapipa ya plastiki ya bluu. Mapipa yakifika manne tulilipia nafasi kwenye kontena pamoja na Watanzania wenzetu, yakashuka bandarini Dar es Salaam, na siku yalipofika Tanga simu ya mama haikupumzika. Alipokea shukrani zote amesimama, kana kwamba wageni wamebisha hodi.

Aliondoka usiku, moyo, ghafla. Kesho yake adhuhuri akaswaliwa na kuzikwa. Ardhi ya Minnesota mwezi huo imeganda ikawa ngumu kama sakafu, na kaburi huchimbwa kwa mashine. Kaka zangu walitazama kwenye simu, kwao ikiwa saa 5 usiku, maana wako mbele yetu kwa saa 9 majira ya baridi. Mkubwa wao aliniomba nisogeze simu karibu auone udongo. Hakusema kwa nini.

Dini yetu imeweka siku 3 za matanga kwa asiyekuwa mjane wa marehemu. Kazini kwangu nako mfiwa hupewa siku 3, tena kwa hisani ya mwajiri, kwani sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi kutoa hata moja. Hesabu ni ileile, lakini siku 3 za Ngamiani nazikumbuka tangu alipofariki baba. Turubai lilifungwa kabla maiti haijatoka. Mikeka ilitandikwa, akina mama wakashika jiko ambalo halikuwa lao, watoto tukaogeshwa na mikono tusiyoijua, tukalishwa, tukalazwa kwa watu. Mama alikuwa na kazi moja tu, kufiwa, na mtaa mzima ulichukua zile nyingine ili aifanye vizuri. Siku zangu 3 za huku, akina mama wa msikitini walikuja usiku wa kwanza na pilau na dua, Mungu awalipe. Siku ya pili theluji ikafunga barabara. Siku ya tatu nilikuwa nikipaka siagi mikate ya masanduku ya shule, nikisaini karatasi ya safari ya darasa, nikitafuta glavu ya kushoto ya kitindamimba, na basi la shule likipiga honi. Siku ya nne nikarudi zamu ya usiku.

Sikulia. Nilidhani nimejaliwa subira.

Aprili mume wangu, ambaye huendesha lori la masafa marefu na kulala nyumbani siku chache tu kwa mwezi, aliniuliza kwa upole kama gereji itafunguliwa. Nikampigia kaka mkubwa, naye akaenda kwa sheikh, kwa sababu mali ya marehemu si ya yule aliye karibu na ufunguo. Sheikh akatukumbusha mpango wake: zitangulie gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Na vile vitu vyenye majina? Katika madhehebu yetu ya Shafii, akasema, zawadi haitimii mpaka aliyepewa aipokee. Chupa iliyoandikwa jina la mtu ikabaki Minneapolis ni mirathi kama mirathi nyingine.

Jibu hilo lilinikaa kifuani siku kadhaa. Miaka 6 ya selotepu, na mbele ya sheria ilikuwa nia tu. Lakini warithi wakiridhia, mlango uko wazi. Usiku mmoja tulikutana sote kwenye simu, kaka zangu watatu na mimi, na kila mmoja akatamka ridhaa yake kwa sauti: chenye jina kiende kwa mwenye jina. Kisicho na jina kiuzwe kwenye gulio, na fedha zote ziwe sadaka ya kuendelea kwa ajili ya mama, zisaidie kununua pampu ya kisima pale chuoni alikosomea Kurani akiwa mtoto, ambako hadi leo wanafunzi huteka maji kwa kamba.

Tukapanga Jumamosi ya kwanza ya Juni. Sasa gulio likaingia ndani ya nyumba ambayo haikuwa na nafasi ya gulio. Nilikuwa nikitoka zamu saa 1 asubuhi, nikiwapeleka watoto kituoni, nikilala hadi saa 7 mchana, nikiinjika mchuzi. Gereji ilipata kilichobaki: dakika 20 wali ukiiva, nusu saa ya mazoezi ya mpira ya mwanangu wa pili nikiwa nimemwomba jirani amchukue. Binti yangu wa miaka 13 aliandika vibandiko vya bei akifanya hesabu zake za shule meza hiyohiyo. Meza za kukunja tuliazima msikitini. Kitanda cha mtoto chenye ubavu unaoteremka, ambacho mama alikificha nyuma kabisa kwa ajili ya kitukuu atakayekuja, hakikuruhusiwa hata kuwekwa mezani: tangu 2011 Marekani imepiga marufuku kuviuza, hata kwenye magulio ya nyumbani, kwa kuwa watoto walinaswa kwenye ubavu ule wakafa. Nilikivunja kwa nyundo saa 5 usiku, ubao kwa ubao, mashine ya kufulia ikizunguka pembeni. Nusu ya majirani lazima walinisikia.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee. Mzee akifariki, watoto wake huja na mifuko myeusi, na jioni chumba huwa kitupu. Kwa miaka mingi niliwahukumu watu hao kimoyomoyo. Nilipokuwa nimesimama gerejini na mfuko mweusi mkononi nilikumbuka mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kitanda cha baba yake akikunja soksi, jozi baada ya jozi, soksi ambazo alikuwa anakwenda kuzitupa. Nilimpita nikisukuma toroli la shuka. Natamani ningesimama.

Nguo zilinichelewesha kuliko vyote. Utotoni kwetu mitumba iliitwa pia kafa Ulaya. Ilifurika baada ya 1985, enzi za rais tuliyemwita Mzee Ruksa, na sisi watoto tuliamini kabisa kwamba kila gauni lilikuwa na Mzungu wake aliyekufa. Mama alifua kila alichonunua mara mbili na kukianika kutwa nzima, akisema jua ndilo linalomtoa mwenyewe. Leo naijua safari ile kutoka upande wa pili. Nguo zisizonunuliwa kwenye magulio hupelekwa kwenye maduka ya hisani, zisizonunuliwa huko huuzwa kwa uzito, hukandamizwa kuwa marobota ya kilo 45 hivi, na mengi huishia Afrika Mashariki. Nilishika koti la mama la baridi, la zambarau, lenye karatasi ya peremende mfukoni, nikawaza mtoto fulani sokoni akiambiwa hili ni la Mzungu aliyekufa. Karatasi ya peremende sikuitoa.

Siku yenyewe wateja wa kwanza walifika saa 12 na nusu asubuhi, kabla sijafungua mlango wote. Waliinama juu ya meza kimya, wakageuza sahani, wakanusa vikombe. Nilikuwa nimeogopa kuwaona wageni wakishika vitu vyake, na nilipowaona nilishangaa kwamba nilitaka waendelee. Walikuwa wanauliza. Hii ni ya nini? Ilitoka wapi? Nani alikuwa akishona? Nikajibu: mama yangu. Nikajibu tena. Kufika saa 3 nilikuwa nimesema "mama yangu amefariki" mara nyingi kuliko miezi yote minne iliyopita, na kila mara mtu alisimama, akatoa pole, akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mzee mmoja aliyekuja kutafuta bisibisi alisikiliza habari za Lushoto hadi mwisho. Kwa nini iwe hivyo sijui, lakini yale ndiyo yalikuwa matanga yangu, chini ya mlango wa gereji, na mkebe wa chenji mapajani.

Kisha akaja bibi wa ng'ambo ya uchochoro. Yeye na mama walikuwa marafiki kwa miaka 6 bila lugha. Mmoja alipeleka mchicha, mwingine alirudisha nyanya. Alibeba bakuli letu la udongo, lile la visheti, lililokwenda kwake tangu kabla ya theluji. Ndani alikuwa ameweka mashina mekundu ya mboga fulani chachu kama ukwaju, ambayo huku huipikia vitamutamu. Mama hakuwahi kumrudishia bakuli tupu, na yeye alishajifunza. Akatazama meza, akatazama mlangoni, akauliza yuko wapi.

Hakuwa anajua. Kati ya Novemba na Aprili watu wa huku hawaonani. Milango imefungwa, uchochoro ni barafu. Nilikuwa nimewaambia watu wa Tanga, Dar, Mombasa, Muscat. Mita 8 kutoka jikoni kwetu hakuna aliyekwenda kusema. Bibi yule alikaa kwenye kiti chenye kibandiko cha dola 4, bakuli magotini, akakaa saa nzima. Wateja walimzunguka. Hatukuzungumza mengi. Alipoinuka alilipa dola 4 akakiacha kiti palepale.

Saa 5 ilibidi nikimbie uwanjani kumchukua mwanangu wa pili, maana mume wangu alikuwa barabarani Nebraska na aliyeahidi kumleta mtoto gari lake lilikuwa limekataa kuwaka. Nilimwachia binti yangu mkebe, na kitindamimba nikampa kazi ya kulinda, kwa sheria moja ambayo aliirudia mbele yangu: chenye selotepu hakiuzwi. Nilikuwa nje dakika 35.

Niliporudi mbuzi haikuwepo.

Ile mbuzi ya kukunia nazi ilitoka Tanga kwenye begi la mama, imefungwa ndani ya kanga tatu. Kabla yake ilikuwa ya bibi yangu. Kikalio chake kilikuwa kimechimbika kwa umbo la mtu, mti ukang'aa kama umepakwa mafuta, na meno ya chuma upande mmoja yalikuwa yameliwa kwa sababu bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Asubuhi niliitoa ili nizifikie meza, nikaiweka chini karibu na mlango, nikasahau kuirudisha. Mwanamume mmoja, akasema binti yangu, alidhani ni kigoda cha bustanini. Alimuuliza kitindamimba bei. Kitindamimba alisema dola 1.

Nilimpigia kelele. Mbele ya wateja, mtoto wa miaka 6, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu na ambayo mama asingenisamehe. Akanitazama, mkono bado umeikunjia ile dola, akauliza: "Kwani kilikuwa na jina?"

Hakikuwa nalo. Mama hakubandika selotepu kwenye vitu vyake. Kila kilichokuwa na jina kilikuwa cha mwingine, na kila kilichokuwa chake mwenyewe, koti, brashi ya viatu, taa ya kusomea, mbuzi, kilikuwa upande wa kuuzwa. Tulikuwa tumekubaliana hivyo wenyewe, kwa ridhaa, kwenye simu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba sheria yetu nzuri ilikuwa inamtoa yeye mlangoni kitu baada ya kitu. Nilikaa chini pale mbuzi ilipokuwa. Nililia mpaka binti yangu akashusha mlango wa gereji nusu, akawaambia watu warudi baadaye kidogo, akaniletea maji. Alifanya hivyo bila kuambiwa, kama mwanamke wa Ngamiani.

Nimekwenda kwenye kila gulio la jirani tangu siku ile nikitazama bustani za watu. Mbuzi sijaiona. Nazi tunatumia ya kopo, kama tulivyokuwa tukifanya siku nyingi hata mama akiwa hai, naye akituhurumia. Kitindamimba nilimwomba radhi usiku uleule nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, akasema sawa mama, akauliza kama kesho kuna chuo.

Tulipata dola 614. Kaka mkubwa amekwisha kuongea na fundi wa pampu.

Jumapili nilipakia mapipa. Chupa za chai nilizivingirisha kwenye taulo moja moja, nikisoma vitako: shangazi, mke wa mjomba, mwalimu, mama wa duka la mkaa. Ya kumi na moja iliandikwa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa, dada yake mama, alitangulia miaka 3 kabla yake. Nakumbuka simu ile ilivyoingia, nakumbuka mama alivyotandika msala na kubaki juu yake hadi magharibi. Mapipa mengine yalikwenda Tanga baada ya hapo. Chupa haikwenda, wala haikubadilishwa jina, na selotepu yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Usiku huo, vyombo vilipokwisha kuoshwa na sare za shule kupigwa pasi, nilichemsha maji. Niliijaza hadi shingoni, nikakaza kizibo, nikaiacha mezani. Alfajiri niliswali, nikaifungua, nikaweka kiganja. Hakuna kilichopanda. Niliingiza kidole, maji yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Huenda ilikuwa nzima aliponunua ikaharibika kwa kukaa. Chupa hufanya hivyo. Lakini mama hakupakia pipa bila kuipima upya kila chupa iliyolala, na kwa mapipa hayo nilimwona kwa macho yangu akipima hadi usiku wa manane.

Nilimwaga maji, nikaikausha kwa kitambaa, nikairudisha kwenye rafu ya gereji, kitako chini, jina lake likiwa limefichika. Taa ya jikoni ya bibi wa ng'ambo ilikuwa imewaka. Saa ilikuwa 12 na dakika 10, Jumatatu, basi la shule saa 1 na robo, na kitindamimba alikuwa bado hajaamka.